Shemine yetu ya Muhumba: ventilateri tuweke ao tuache?

Mwezi uliopita, siku moja umeme ulirudi saa mbili na nusu ya usiku, na kitu cha kwanza papa aliniuliza, ata mishumaa tulikuwa hatujazima, ni: "Basi ile mashini ya yaya yako, inakuja ao haiji?" Mashini yenyewe ni ventilateri ya shemine, yenye yaya, mkubwa wangu wa kuzaliwa, alitaka kututumia toka Ulaya. Nikamujibu, papa, nipe mwezi moja. Mwezi umeisha, jibu niko nalo, na ju najua kuko jamaa nyingi hapa mjini zenye kuishi mu hizi nyumba za zamani na shemine, lile shimo la moto la ku ukuta, mu saloni, naandika yote vile ilienda, na pale nilikosea pia, ju kuna usiku nilijaza moshi mu nyumba nzima na mama akalala na kikohozi.

Nyumba yetu iko Muhumba, hapa Bukavu. Ni moja ya zile zilijengwa wakati Bukavu bado inaitwa Costermansville, kuta nene, plafo iko juu sana, madirisha makubwa yanaangalia ziwa, na mu saloni kuko shemine ya mawe yenye mtoto wa miaka kumi anaweza kusimama ndani akiinama kidogo. Watu wa mbali wakisikia Kongo wanafikiria jasho. Siye hapa tuko karibu metre 1 500 juu ya bahari, na kiangazi, Juni mpaka Agosti, upepo wa ziwa ukianza jioni baridi inaingia ata mu blanketi. Papa ako na miaka 78, magoti yake yanavimba, na jioni anakaa mbele ya ile shemine na koti, kofia, shuka ku miguu, mbele anachomeka na nyuma anatetemeka. Njo kilio chake kila siku: "Moto unawaka, kuni tunanunua, mbona mgongo wangu iko baridi?"

Yaya anaishi Namur, Ubelgiji. Kwake wako na shemine ya kuni pia, lakini ya kwake iko na ventilateri, wenzetu wa Nairobi wanasema feni, na mu dakika ishirini nyumba yote inakuwa moto. Akasema ku telefone: dada, nitawatumia moja, euro 160 hivi, naweka mu valizi ya mtu mwenye kuja, mwaite fundi wa umeme aifunge, imeisha. Wote tulifurahi. Mimi pia. Nilishafikiria ata pa kuchimba ukuta kupitisha waya.

Ila mimi niko mtu wa kuuliza mara mbili kabla pesa ya mtu itoke, nikamuomba yaya anipigie kwa video afungue ile kitu nione ndani. Alipiga magoti chini, akaondoa kifuniko cha chuma chini ya mlango wa moto, akaweka telefone karibu. Kuko mota ndogo na gurudumu refu kama silinda, limejaa vibawa vyembamba pembeni, na juu ya vile vibawa vumbi la miaka mbili limeshikana kama pamba ya godoro, na nywele za mbwa wao ndani. Pembeni kuko kidude cha duara, kinene kama sarafu mbili tatu zimepangwa, kimebanwa ku chuma cha sanduku. Akanieleza: kile kidude kinasikia joto, chuma kikifika digri 45 ao 50 hivi kinawasha ventilateri, moto ukizimika na chuma kikipoa kinaizima, usije ukapuliziwa hewa ya baridi.

Hapo njo nilielewa kwamba nilikuwa nimeelewa vibaya tangu mwanzo. Mimi nilifikiri ile ventilateri inapepea moto, kama vile tunapepea mbabula, jiko la makala, na kifuniko cha sufuria. Hapana, moto yenyewe haiugusi kabisa. Inavuta hewa ya saloni kwa chini, inaipitisha nyuma na juu ya sanduku la chuma lenye moto unawakia ndani, ile hewa inalamba chuma cha moto, inapata joto, kisha inatokea mbele na kurudi mu saloni. Moshi unapita njia yake unaenda juu, hewa ya saloni inapita njia yake, na kati yao kuko ukuta wa chuma. Lile sanduku wafaransa wanaliita inseri, liko na mlango wa kioo, na yaya analo. Siye hatuna. Kwetu kuko shimo la mawe na bomba la moshi juu yake. Ningefunga ventilateri ya euro 160 pale, hewa yake ingepita wapi? Hakuna chuma cha kulamba. Ingepuliza majivu ku kapeti, na ikielekezwa vibaya ingesukuma moshi kutoka mu shimo mpaka ku macho ya papa.

Basi nikauliza swali ingine, hili lilinichukua siku nyingi: joto la kuni zetu linaenda wapi?

Hesabu iko hivi, nilifanya na mtoto wa dada yangu mwenye kusoma mu institut ya ufundi hapa. Kilo moja ya kuni kavu inatoa karibu kilowati-saa 4 za joto. Jioni moja tunachoma kilo tano, maana yake 20. Sasa shemine ya wazi kama yetu inabakisha mu chumba asilimia 10, ikiwa nzuri 15. Zingine zote zinapanda na moshi. Kwa hiyo ku 20 tunabaki na 2 ao 3, na lile jiko la kufungwa la yaya, kwa kuni zile zile, linabakisha asilimia 70, ni 14. Nilipoona ile 2 na ile 14 pembeni ya kila moja niliweka kalamu chini. Miaka yote hii papa analipa mizigo ya kuni, na tulikuwa tunapasha ndege joto juu ya paa.

Na kuko kitu kingine kibaya zaidi ju hakionekani. Moto ukiwaka unavuta hewa nyingi sana kutoka saloni na kuipandisha ku bomba. Ile hewa ikitoka, ingine lazima iingie, na inaingia wapi? Chini ya milango, ku madirisha yenye mbao zilishajikunja. Nilichukua kijiti cha ubani, nikakiwasha, nikapiga magoti ku mlango wa koridori moto ukiwa umekolea. Moshi wa ubani, badala ya kupanda, ulilala chini kabisa, ukakimbia sakafuni kama uzi mweupe, ukapita katikati ya miguu ya kiti cha papa, chini ya shuka yake, ukaingia moja kwa moja mu shemine. Nikamuita mama aone. Alisimama pale kimya, kisha akasema: "Kumbe njo ile baridi." Papa alikuwa amekaa mu njia ya upepo wenye moto wake mwenyewe ulikuwa unauita.

Sasa kosa langu. Nilipoona vile nilifurahi mno, nikachukua vitambaa, nikaziba chini ya mlango wa koridori, ya jikoni, nikaweka gazeti ku madirisha yote, nikasema leo papa atalala na joto. Dakika kumi na tano hivi moto ulianza kulegea, moshi ukawa unazunguka ndani ya shimo bila kupanda, kisha ukageuka, ukatoka mbele kama mtu anatapika. Macho, koo, pazia, kila kitu. Tulimutoa papa nje ku baraza usiku ule wa upepo, na mimi nilikuwa nimefanya yote hayo kwa ajili ya joto lake. Moto unahitaji hewa, ukiunyima unachukua ile iko mu bomba na kuirudisha chini na moshi yake. Suluhisho lilikuwa rahisi: dirisha dogo lenye liko pembeni kabisa ya shemine linaachwa wazi vidole viwili, mlango wa koridori unazibwa nusu, na kiti cha papa kinatoka ku ile njia na kuwekwa upande ule mwingine, mgongo ku ukuta wa ndani. Hewa inaingia pale pale karibu na moto na haivuki saloni. Haikutuombea ata faranga moja. Kwa kweli kama mtu atasoma hapa tu na aishie hapa, atafute ubani na afanye lile jaribio.

Na hapa kuko jambo la kusema bila kucheka. Ndugu zetu wa Goma wanajua mazuku, ile hewa mbaya inatoka ardhini karibu na volkano, inatulia mu mabonde, na mtoto ao mbuzi akiingia hatoki. Ile ni gazi karboniki, nzito kuliko hewa, inalala chini. Moto wenye kukosa hewa unatoa gazi ingine, monoksidi ya karboni, na hii hailali chini, inachanganyika na hewa ya chumba chote, haina harufu, haina rangi. Kichwa kinauma, unasikia usingizi, unafikiri ni uchovu. Mbabula ya makala ndani ya chumba cha kufungwa inaua watu kila mwaka mu miji yetu, na shemine yenye makaa ya mwisho, bomba likiwa limezibwa ju mtu anataka kubakisha joto, inaweza kufanya vile vile. Kile kifuniko cha chuma cha ku koo la shemine kisifungwe mpaka majivu yawe baridi ya kushika na mkono. Kidude cha kulia kikisikia ile gazi nilimuomba yaya anitumie, na hicho nilimwambia kabisa: hiki tuma, ventilateri ngoja.

Kisha nikaita fundi wa paa. Ni muzee ya Kadutu mwenye alishafanya kazi ku nyumba nyingi za huku, papa anamuita "fundi" tu na yeye anamuita papa "muzee mwenzangu". Alipanda na kamba, ku mwisho wa kamba amefunga matawi magumu na jiwe chini yake, akawa anateremsha na kupandisha ndani ya bomba, na mimi chini nimefunika shimo na shuka ya zamani iliyolowa maji. Zilitoka ndoo tatu. Ya kwanza kiota cha ndege na manyoya. Ya pili masizi laini kama unga. Ya tatu njo ilimfanya fundi anyamaze: vipande vyeusi vyenye kung'aa, kama lami iliyokauka, vingine virefu kama kidole. Akakiweka kimoja ku makaa, kikawaka na sauti, kikawa kinachuruzika. Akasema: "Mama, hii njo inachoma nyumba. Mnachoma kuni mbichi."

Na ni kweli. Ile lami inakuja wakati moshi wa kuni zenye maji unapoa mu bomba kabla haujatoka, unajishika ku ukuta, mwaka baada ya mwaka. Siku moja moto mkali unafika pale na bomba lenyewe linawaka kutoka ndani. Hapo pia niliona sababu ingine ya kutokimbilia ventilateri, ju ventilateri inachota joto ku chuma, na moshi unapanda ukiwa umepoa zaidi. Kwa yaya mwenye kuchoma kuni za miaka mbili chini ya bati, hakuna shida. Kwa kuni zetu za barabarani tungekuwa tunatengeneza lami haraka kuliko zamani.

Kuni nitazisemea kidogo, ju naona watu wanazidharau. Hapa nyingi ni mikaliptusi, inashuka kutoka Kabare na Walungu, juu ya vichwa vya wamama ao ku kamyo, na mara nyingi iliangushwa wiki iliyopita tu. Ukiipasua unaona maji. Kuni mbichi nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji, na moto unatumia nguvu yake kuchemsha yale maji kwanza. Ile kilo yenye ilipaswa kukupa 4 inakupa 2 hivi. Pale ku hesabu yangu niliweka 20, sasa weka 10, uone inabaki nini. Toka sasa tutakuwa tunanunua mwezi wa tano, mvua ikianza kupungua, tunapasua palepale ikiwa bado mbichi ju mikaliptusi ikikauka shoka inaruka, tunaipanga nyuma ya jikoni juu ya matofali isiguse udongo, bati juu, pembeni wazi upepo upite. Greveleya inapasuka rahisi na inakauka upesi, ukiipata ichukue. Ukigonga vipande viwili vikalia kama mbao za mwashi, tayari. Vikisema "dup", rudisha. Kwa mwaka huu jirani alituuzia zake za mwaka jana. Na sinunui kuni wala makala yenye mtu anaficha ilikotoka, ju tunajua nyingi inatoka ku pori ya Kahuzi-Biega, na lile pori ni letu, liko pariki tangu 1970, sokwe wanaishi mule, sitaki kupasha magoti ya papa na miti yao.

Kuni kavu na bomba safi, ile jioni ya kwanza moto ulisimama wima, mweupe, bila kelele. Papa aliona tofauti mbele nimwambie.

Lakini mgongo bado. Njo nikafika kwa muzee mwingine, huyu wa miaka mingi sana nyuma, Benjamin Thompson, mzaliwa wa Marekani mwenye alienda Ulaya akapewa cheo cha heshima cha "Count", akaitwa Count Rumford. Mu mwaka 1796 aliandika kuhusu shemine za London zenye zilikuwa zinajaza moshi mu nyumba na kutoa joto kidogo, na alichosema ni kwamba shemine ya wazi inapasha mtu kwa mwanga wa moto na wa matofali yenye moto, kama jua, kwa hiyo shimo likiwa refu kwenda ndani na kuta zake zimenyooka, ule mwanga unapiga ukuta wa pili na haumfikii mtu. Yeye alipunguza kina, akainamisha kuta za pembeni zifunguke kama mlango wa pande mbili, na akabana koo la bomba libaki inchi 4 hivi, kama sentimetre 10, moshi upite lakini hewa ya saloni isikimbie yote. Vipimo vyake: ukuta wa nyuma uwe theluthi ya mlango wa mbele, na kina kiwe sawa na ukuta wa nyuma.

Nilipima yetu na metre ya fundi cherehani. Mbele sentimetre 96. Kina 62. Nyuma pia 96, yaani sanduku la kuta zimenyooka, pango. Kwa hesabu ya Rumford nyuma iwe 32, kina 32, na pembeni zinainama zenyewe nusu ya pembe mraba. Nilimuonyesha fundi mchoro ku karatasi ya daftari. Aliuangalia, akaugeuza, akaniuliza: "Na moshi?" Nikamwambia tuyapange matofali bila udongo kwanza, tuwashe, tukiona moshi unatoka tunabomoa kwa dakika tano. Alikubali vile. Tulitumia matofali ya kuchoma yenye yalibaki ku ukuta wa nje, yale magumu yenye kulia, na siku ya tatu, moto ukiwa umepita vizuri, akayashika na udongo na mchanga, simenti hapana, simenti inapasuka ku moto. Nyuma tuliegemeza tole nene ya chuma ya mm 8 yenye ilikuwa inalala ku karakana ya fundi wa kuchomelea, dola 15. Kuni lazima zikatwe fupi, na zinasimamishwa wima zikiegemea nyuma, papa mwanzoni alisema moto gani huu unasimama kama askari.

Termometre ya chumba niliweka nyuma ya kiti, ku kivuli, ju ukiiweka mbele ya moto inasoma moto na haisomi chumba. Zamani: 17 wakati wa kuwasha, 18 baada ya masaa mbili. Sasa: 17, na masaa mbili baadaye 20. Nilipima usiku nne. Digri tatu ni kidogo kwa mtu wa Kisangani, lakini papa alitoa kofia.

Sasa ventilateri yenyewe, ju sikuiacha bila kuipa nafasi. Kuko njia mbili za kuiweka ku shemine ya wazi. Ya kwanza ni wavu wa mabomba: mabomba ya chuma yamekunjwa kama herufi C, kuni zinakaa juu yake, ventilateri inasukuma hewa kwa chini, inazunguka nyuma ya moto na kutokea juu mbele. Inafanya kazi. Ila yale mabomba yanaishi ndani ya makaa, yanaliwa, na siku moja linatoboka, ventilateri inakuwa inapuliza moto kama mfua chuma. Ya pili, fundi wa kuchomelea alisema anaweza kutuundia sanduku lote, kuta mbili, tole ya mm 4 ndani, ya 2 nje, nafasi ya sentimetre 4 katikati, mlango, bomba lake, dola 220. Hiyo niliipenda sana, ninasema wazi, na bado naipenda. Hiyo ndiyo ingetutoa ku ile asilimia 10. Nilimuuliza tu mambo mawili: akifunga ventilateri aifunge isukume hewa kuingia, kamwe isivute, ju chuma kikipasuka ventilateri yenye kuvuta itachota moshi na ile gazi na kuzimwaga mu saloni, na mlango uwe na kioo cha kuvumilia moto, dirisha la kawaida litapasuka. Kioo hicho hapa mjini sijakipata.

Na umeme. Ventilateri ya yaya inakula wati 50. Masaa manne ya jioni ni wati-saa 200. Siye umeme unakatika jioni, saa ile ile ya baridi, kwa hiyo ingekuwa juu ya bateri. Bateri yetu ya solere, volti 12, amperi-saa 100, iko na 1 200 ndani, lakini usipotaka kuiua unatumia nusu, 600. Ventilateri ingekula theluthi ya ile, na zinabaki taa tano, telefone za watu wote, na redio ya papa yenye haizimwi. Na bateri ikiisha katikati ya moto mkali, ventilateri inasimama, chuma kinabaki na joto lote, mota na waya zinakaangwa pale chini. Yaya alisema ya kwake imeundwa kuvumilia hivyo, hewa inapanda yenyewe polepole ata bila mota. Ya fundi wetu nani atanihakikishia? Kuko pia zile ndogo zenye hazitaki umeme, zinakaa juu ya jiko la chuma na kuzunguka kwa nguvu ya joto lenyewe, nzuri kabisa, lakini zinataka jiko la chuma lenye mgongo wa moto chini yake na juu baridi, ku shemine ya mawe hazina pa kukaa.

Basi nilimpigia yaya Jumapili. Nikamwambia ventilateri usitume. Tuma kile kidude cha gazi, na kama bado uko na moyo, ile pesa ingine tuiweke pembeni tutafute kioo cha kuvumilia moto, na kikipatikana fundi aunde sanduku, na liwe la kupasha bila ventilateri kwanza. Tukiona chuma kinabaki na joto mingi yenye haifiki ku meza, hapo njo tutaongea mota. Alinyamaza kidogo, ju alishaiweka mu panié ya duka. Akauliza papa anasemaje. Nikampa papa telefone.

Papa akamwambia: "Mwanangu, dada yako amenihamisha kiti."

Waliongea nusu saa. Pesa zote, kusafisha bomba, udongo, tole, na mkono wa fundi, zilifika dola 48, na kuni za jirani 30. Jumamosi fundi anarudi kupandisha kofia ya chuma juu ya bomba, mvua ya Septemba isiingie na ndege wasirudi, na nimemuomba alete ile kamba na matawi yake, ju nataka nione mwezi moja wa kuni kavu umeacha nini mule ndani.